Nani Yumo Ndani ya "Tulikataa"?

Ukimsikiliza Mkenya wa rika langu akisimulia mwaka 2024, hesabu mara anazotumia kiambishi tu-. Tulimpoteza Kiptum. Tulifurika. Tulikataa Mswada wa Fedha. Tuliingia Bunge. Tulishinda dhahabu Paris. Tulimtoa naibu wa rais. Mgeni akisikia atadhani kulikuwa na mtu mmoja mkubwa, mwenye miguu milioni hamsini, ambaye mwaka huo hakulala.

Mimi mwaka huo nilikuwa Navakholo, Kakamega. Nilitoka chuo mwaka wa tatu karo ilipotushinda nyumbani, nikarudi kwa mama na laptopu yenye kioo kilichopasuka, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala za tovuti za watu, maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi kuziona, na mara moja moja kitu changu kama hiki. Juni ile Nairobi ikifuka moshi, mimi nilikuwa navuna maharagwe asubuhi na kuandika jioni stima ikiwepo. Sikukimbizwa na mtu. Kitoa machozi sikukinusa. Lakini nikiulizwa ule mswada ulienda wapi, najibu bila kufikiri: tulikataa.

Nataka tuliangalie hilo neno vizuri. Tulikataa, nani na nani?

Kwanza tuupange mwaka wenyewe, maana mambo yake yalikuwa mengi hadi yanasukumana. Tarehe 11 Februari, Kelvin Kiptum alikufa kwenye ajali ya gari pamoja na kocha wake. Alikuwa na miaka 24, na miezi minne tu ilikuwa imepita tangu akimbie marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Katikati ya Machi madaktari waligoma, na mgomo ukadumu siku 56. Tarehe 18 Aprili helikopta ilianguka Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa. Mvua haikungoja mtu amalize kulia: alfajiri ya 29 Aprili maji yalipasuka juu ya Mai Mahiu yakabeba nyumba na waliolala ndani yake.

Halafu ikaja Juni. Mswada wa Fedha ulitaka ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Vijana waliusoma ukurasa kwa ukurasa, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakaueleza kwa video za dakika mbili ambazo hata mama wa kibanda cha omena alizielewa. Tarehe 18 watu walishuka mjini, na ushuru wa mkate ukaondolewa siku hiyo hiyo. Tarehe 20 Rex Masai, kijana wa miaka 29, alipigwa risasi Nairobi akafa. Jumanne tarehe 25 wabunge waliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia Bunge, sehemu ya jengo ikaungua, na nje watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi.

Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Kufikia mwisho wa mwaka hesabu ilipita 60, na waliotekwa tangu Juni walikuwa 82, wengine wakiwa bado hawajulikani waliko.

Siku ile ya Jumanne, hapa kwetu watu walijaa kwa kinyozi kwa sababu ana televisheni. Aliyekuja kunyolewa alisahaulika kitini na povu kichwani. Picha ya watu wakipita ndani ya Bunge ilipotokea, nyumba nzima ilipiga kelele, na mzee mmoja ambaye hajawahi kukubaliana na kijana yeyote kuhusu jambo lolote akasema, "Tumeingia!" Hakuna aliyemcheka. Hata mimi nilihisi nimeingia.

Hiyo hisia ndiyo inanisumbua. Haikuwa ya uongo. Lakini haikunigharimu kitu, na kuna watu iliwagharimu kila kitu.

Kuna majibu mawili rahisi kwa swali langu, na nimeyasikia yote mawili. La kwanza ni la watu wa Nairobi, hasa wale walioonja rungu. Wao husema: kama hukuwa barabarani, nyamaza. Useme "walikataa". Ninalielewa jibu hili, na kuna siku nalikubali. Tatizo lake ni kwamba barabara haikuwa peke yake. Kuna aliyekesha akitafsiri. Kuna wanafunzi wa udaktari waliofunga watu vidonda kando ya barabara. Kuna mawakili waliozunguka vituo vya polisi usiku wakitafuta waliokamatwa. Mwanahabari Hanifa Adan aliongoza mchango wa mtandaoni wa majeruhi na familia za waliouawa, ukafika mamilioni ya shilingi, na pesa hizo zilitumwa kidogo kidogo na watu ambao wengi hatutawahi kuwajua majina. Ukiwaondoa hawa wote kwenye "tulikataa", utabaki na kundi la watu waliokimbia, bila mtu wa kuwachukua walipoanguka.

Jibu la pili ni la watu wa kwetu: sote tulikataa, kwa sababu sote tungelipa. Ni kweli, mafuta ya kupikia yanayouzwa hapa kwa vipimo vidogo vidogo hayakuongezewa ule ushuru. Mama yangu alinufaika. Mimi nilinufaika. Hata aliyesema wale vijana ni wahuni alinufaika, na bado anakaangia mayai yake bila shida. Lakini angalia vizuri. Ukila chakula alichopika mwingine, huwezi kusema "tulipika". Unachoweza kusema ni "nimeshiba, asante, niambie nioshe nini". Kunufaika ni kuingia kwenye deni. Hakukupi sifa.

Kwa hiyo mimi niko mahali gani? Si mpishi, wala si mgeni kabisa.

Nikiwa bado nalifikiria hilo, mwaka uliendelea kutuletea "tu-" nyingine. Agosti Paris ikatupa dhahabu nne: Beatrice Chebet mbili, Faith Kipyegon moja, Emmanuel Wanyonyi moja kwenye mita 800. Wanyonyi aliacha shule akiwa mtoto akachunga ng'ombe za watu, kwa hiyo mimi niliyeacha chuo nilimshangilia kama ndugu wa damu. "Tumeshinda!" Hiyo "tu-" haina madhara. Wanyonyi hapunguziwi kitu nikijiweka nyuma yake kwenye dakika moja na sekunde 41. Furaha ya namna hiyo ni kama moto wa jirani: ukiota wewe, yeye hapati baridi.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 8 Agosti, mawaziri wapya waliapishwa. Rais alikuwa amewafuta kazi karibu mawaziri wote tarehe 11 Julai kwa sababu ya yale maandamano, kisha akachukua baadhi ya watu wa upinzani. Mmoja wao alikuwa Wycliffe Oparanya, gavana wetu wa zamani, aliyepewa Wizara ya Ushirika. Huku Kakamega watu walipeana mikono. "Tumepata," waliambiana. "Tumeingia serikalini." Ilikuwa midomo ile ile. Wiki sita tu zilikuwa zimepita tangu "tumeingia" imaanishe Bunge linaloungua. Sasa ilimaanisha kiti.

Simlaumu anayetaka wa kwao awe waziri. Mtu aliyeona kiwanda cha Mumias kikifa hawezi kuchekwa akitamani mkono wa serikali umfikie. Ninachosema ni kwamba neno lilikuwa moja na watu walikuwa wale wale, na hakuna aliyehisi kigugumizi. Ule uwaziri ulipatikanaje? Kwa sababu nafasi zilikuwa wazi. Kwa nini zilikuwa wazi? Kwa sababu kuna vijana walikufa. "Tumepata" ile ilisimama juu ya makaburi, na hakuna aliyeinama kutazama alipokanyaga.

Kuna lugha duniani zenye "sisi" mbili: moja inamtia ndani yule unayeongea naye, nyingine inamwacha nje. Kiswahili hakina hiyo. Sisi yetu ni moja, na mlango wake hauna kufuli. Anaingia aliyelipa, anaingia aliyepita tu, na anaingia pia mtu anayetafuta pa kujificha.

Huyo wa mwisho ndiye mgumu kwangu, kwa sababu tumekula naye meza moja.

Binamu yangu ni polisi. Simtaji jina wala kituo. Huku kwetu kazi ya polisi ni kazi ya maana: siku ya usajili vijana hukimbia uwanjani hadi wengine wanazimia, na familia ikibahatika kupata mmoja, karo za wadogo zake zinaanza kulipika. Yeye amemsomesha dada yake mdogo hadi kidato cha nne. Mwaka huo wa 2024, wiki zile za Juni, alikuwa kazini Nairobi. Krismasi akaja nyumbani na mkate, sukari na soda za watoto, kama kila mwaka. Tulijua alikuwa wapi. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu sote tunajua kuna maswali yanayoweza kuvunja meza.

Aliyeuliza ni kukhu. Alingoja watoto watoke nje, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya kitu: "Wale watoto waliouawa kule Nairobi, walikuwa wamefanya nini?"

"Kukhu, sisi tulitumwa," binamu akajibu.

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi sikupiga mtu, kukhu."

"Basi aliyepiga unamjua?"

Binamu alitazama sahani yake. Mjomba akasema chakula kinapoa. Tukala.

Nimefikiria majibu yale mawili mara nyingi. Swali la kwanza lilipomjia, alijibu kwa wingi: tulitumwa. Kukhu aliposogea karibu, akarudi kwenye umoja: mimi sikupiga. Na huenda yote mawili ni kweli! Huenda alitumwa, na huenda hakupiga mtu. Lakini swali la tatu, lile la aliyepiga, halina "mimi" wala "sisi" ya kulijibu. Linataka jina. Na kule kwenye jina ndiko nchi nzima ilikotazama sahani.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka, alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi hupenda kuvichanganya. Hatia, alisema, ni ya mtu mmoja mmoja. Ukisema sote tuna hatia, umemsaidia mwenye hatia halisi ajifiche katikati ya umati. Wajibu ni kitu kingine. Wajibu unaweza kubebwa na kundi zima, hata na ambao hawakufanya lolote, kwa sababu tu ni watu wa kundi hilo na jambo lilifanywa kwa jina lao.

Hii inanisaidia. Hatia ya risasi ni ya aliyefyatua na aliyeamuru. Si yangu, na sitajipiga kifua eti sote tuliua. Hapana. Lakini ile bunduki ilinunuliwa kwa ushuru, na ushuru mimi nalipa kila ninaponunua data. Kama Wanyonyi alikimbia kwa jina langu, basi na yule askari alisimama pale kwa jina langu. Siwezi kuchukua medali na kurudisha risasi. Mwaka ni mmoja. Ukisema "tu-" kwa yale matamu, kubali wajibu wa yale machungu: kuuliza, na kuendelea kuuliza, hadi jina lipatikane.

Hapa mtu ataniambia habari za Mbiti. John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya, ndiye aliyeipa dunia ule usemi kwamba mtu yupo kwa sababu wengine wapo. Siku hizi umeandikwa hadi kwenye vikombe vya ofisi. Sina ugomvi nao. Lakini ukikaa na watu wa kijiji utaona kwamba "sisi" yao haielei hewani. Ina daftari.

Kwa sababu nilifika chuo na mwandiko wangu unasomeka, kila matanga ya karibu mimi hupewa kalamu. Nakaa kwenye meza ndogo chini ya hema, na mbele yangu daftari lenye safu tatu: jina, alicholeta, kiasi. Gorogoro mbili za mahindi. Sukari kilo moja. Kuni mzigo mmoja. Shilingi hamsini. Watu huwa wakali kuhusu daftari hilo kuliko kuhusu katiba. Wananisimamia juu ya bega wahakikishe nimeandika. Wala si maringo. Kesho akifiwa yeye, daftari hili litatafutwa kuona kama alikuwa mmoja wetu. Ndiyo maana hapa hakuna anayesema "tulimzika fulani" ikiwa hakuonekana popote, wala kwenye maji, wala kwenye kuni, wala kwenye kuchimba kaburi. Angesema hivyo, mtu angemuuliza tu, bila hasira: wewe uliandikwa ukurasa upi?

Kuna ukurasa wa nyuma pia. Huo ni wa ahadi. Mtu anafika mikono mitupu, mwezi uko kona, anasema, "Dada, niandike mia mbili, nitaleta." Namwandika. Hakuna anayemdharau, umaskini tunaujua wote. Lakini jina lake liko nyuma, na siku ya kusomwa litasomwa kama lilivyo: ahadi.

Halafu, siku chache baada ya mazishi, wazee hukaa na familia na kuuliza jambo ambalo mijini naona limeanza kusahaulika: marehemu alikuwa anadai nani, na nani alikuwa anamdai? Kila mwenye neno analisema mbele ya watu. Kikao kile hakina machozi mengi. Ni cha hesabu. Bila hicho, wanasema, kaburi halijafungwa.

Sasa utazame mwaka 2024 kwa macho hayo. Tuliuzika haraka sana. Oktoba tulikuwa tumeshahamia sarakasi ya Rigathi Gachagua, aliyepigiwa kura 281 bungeni tarehe 8 na kuondolewa na Seneti tarehe 17. Kabla ya hapo kulikuwa na moto wa Endarasha usiku wa 5 Septemba, wavulana 21, na maombolezo ya kitaifa ya siku tatu ambayo yaliisha kabla hata baadhi ya wazazi hawajakabidhiwa miili. Tukaruka kwenye SHA, tukaruka kwenye Adani. Kila jambo lilikuwa kubwa, na kila kubwa lilitupa ruhusa ya kuacha lililotangulia bila kikao cha madeni. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, watu waliporudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, wengine tena wakauawa. Agosti hiyo Rais akaunda jopo la fidia likiongozwa na Makau Mutua, nalo likaishia kwenye mabishano ya mahakamani. Pesa ni sehemu ya hesabu, sikatai. Lakini kikao cha wazee huanza na majina ndipo kifike kwenye pesa. Nani alimfanyia nini nani. Bila hilo, fidia ni rambirambi tu yenye sufuri nyingi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtu wa Navakholo anaweza kusema "tulikataa". Mtu wa Doha anayefagia hoteli na aliyekesha na simu anaweza kusema pia. Mlango hauna kufuli, na sidhani tunafaa kuweka. Ila akilisema ajue ameandikwa ukurasa upi. Aliyekufa ameandikwa wa kwanza. Aliyepigwa, aliyefunga vidonda, aliyelipa bili ya hospitali, hao wanafuata. Sisi wengine, tuliopiga kelele kwa kinyozi, tuko ukurasa wa nyuma. Tumeahidi.

Na ahadi haihitaji uende Nairobi. Ni kujiandikisha kura na kufika siku yenyewe hata kama mvua imenyesha. Ni kufuatilia kesi moja tu, moja, hadi mwisho wake, badala ya kulilia zote kwa siku mbili. Ni kumwambia anayesema "tumepata" amalizie sentensi: tumepata kwa sababu ya nani? Kwa mimi ni pia kumpigia binamu simu. Najua namba yake, na anapokea. Ni mtu mwema, amenibebea mizigo yangu kutoka stendi siku niliyorudi kutoka chuo na hakuniuliza chochote. Kwa hiyo nitamuuliza kama anayempenda, kwa umoja, kama kukhu alivyouliza. Sijui atajibu nini. Huenda akakata simu, na Krismasi ijayo meza ikawa na kiti kitupu, na mama anilaumu mimi.

Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba ni malipo. Mpaka sasa "tulikataa" yangu ilikuwa ya bure.